Safari ijayo ya meli: ubuku nafasi ukiwa bado baharini, au usubiri ufike nyumbani?

Siku za mwanzo za safari ya meli ya kitalii hakuna anayelitazama lile dawati la kuuza safari zijazo. Abiria wako mbioni: wanatafuta mgahawa, wanatafuta bwawa, wanajifunza lifti ipi inafika sitaha ipi. Ikifika siku ya nne au ya tano, meli iko katikati ya maji na hakuna bandari ya kushuka, ndipo foleni inapoanza. Dawati liko karibu na mapokezi, lina skrini yenye picha za barafu ya Alaska na ghuba za Norwei, na mhudumu wake ana sauti ya upole. Anauza safari yako ijayo kabla hii ya sasa haijaisha.

Nimekaa mbele ya dawati hilo mara tatu. Mara ya kwanza nilibuku, nikapoteza pesa. Mara ya pili niliuliza maswali, nikashukuru, nikaondoka. Mara ya tatu nilibuku tena, na safari ile ikawa nafuu kuliko zote nilizowahi kwenda. Kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya tatu ni kwamba nilikuwa nimeshajua pale dawatini kinauzwa nini hasa.

Nauli ni ileile

Wengi huamini kwamba melini nauli huwa chini. Kwa kawaida si hivyo. Bei ya kabini anayokuonyesha mhudumu hutoka kwenye mfumo uleule unaolisha tovuti ya kampuni. Siku hizi meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, kwa hiyo ukiwa kwenye foleni unaweza kufungua simu, ukatafuta meli ileile, tarehe ileile, aina ileile ya kabini, ukaona kwa macho yako. Ukikuta namba mbili tofauti, mwonyeshe mhudumu. Mara nyingi ni kwamba mmoja wenu anaangalia nauli ambayo arubuni yake, yaani malipo ya awali ya kushika nafasi, hairudi, na mwingine anaangalia ile inayorudi.

Kinachotofautiana ni vile vinavyoizunguka nauli. Cha kwanza ni arubuni yenyewe, ambayo melini huwa ndogo. Kampuni ya meli ya Princess kwa miaka mingi wameuza amana ya dola 100 kwa kila mtu, isiyofungwa na meli wala tarehe, yenye uhai wa miaka miwili. Disney nao wamekuwa na hati ya kushikilia nafasi ya dola 250 kwa kabini, inayodumu miezi 24 na kukupa punguzo la asilimia 10 utakapochagua safari. Royal Caribbean huuita mpango wao NextCruise, Norwegian huuita CruiseNext, na kila mmoja una kanuni zake ambazo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee alichosimuliwa rafiki yako mwaka juzi.

Cha pili ni zawadi, yaani salio la kutumia melini. Hizi ni pesa zinazowekwa kwenye akaunti yako ya safari ijayo. Zinalipia kinywaji, matembezi ya bandarini, masaji, na kwa kampuni nyingi hata bakshishi ya kila siku ya wahudumu. Kwa kawaida hazitoki taslimu: usipozimaliza kabla ya usiku wa mwisho, zimekwenda. Mtu ambaye hanunui kitu melini asizihesabu kama punguzo la bei.

Cha tatu ni masharti, na hapo ndipo pa kukaa.

Pesa inarudi au hairudi?

Mara ile ya kwanza mhudumu aliniuliza, "Ungependa tarehe gani?" Akageuza skrini, tukatazama kalenda pamoja, akanionyesha kabini yenye roshani kwenye meli mpya, na chini ya bei palikuwa na salio la dola 200. Nikasaini. Karatasi ilikuwa na kurasa tatu, na mimi nilisoma ya kwanza tu. Miezi miwili baadaye kazini wakaninyima likizo ya wiki ile. Nilipopiga simu kuhamisha tarehe nikaambiwa arubuni yangu ni ya aina isiyorejeshwa, kwamba nikighairi inapotea yote, na kwamba nikihamisha nitakatwa ada kwa kila msafiri. Salio lile la dola 200 nalo lilikuwa limefungwa na safari ile ya mwanzo. Mhudumu hakunidanganya hata neno moja. Yote yalikuwa ukurasa wa pili.

Tangu siku hiyo naanza na swali moja kabla ya kutazama kalenda: "Arubuni hii inarudi mfukoni mwangu nikighairi, na mpaka lini?" Jibu hapo ni tarehe. Safari nyingi za meli zina siku ya malipo ya mwisho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya siku 75 na 120 kabla ya kuondoka, na safari ndefu huweza kuzidi hapo. Kabla ya siku hiyo, arubuni inayorudi inarudi yote. Baada yake, faini ya kughairi hupanda ngazi kwa ngazi mpaka kufikia nauli nzima. Muombe mhudumu akuandikie tarehe hiyo kwa kalamu juu ya karatasi, kisha iweke kwenye simu yako na ukumbusho wa wiki moja kabla.

Ukiwa nyumbani swali ni hilohilo, ila huko una usiku mzima wa kusoma. Melini una mtu nyuma yako kwenye foleni, muziki unapigwa sitaha ya juu, na moyo uko wazi kuliko kawaida. Bahari hulainisha watu. Siku ya tano hakuna anayekumbuka foleni ya kupanda wala bili ya simu, na kampuni zinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana dawati lipo pale lilipo.

Jambo ambalo nyumbani hulipati

Hata hivyo kuna faida moja ya melini ambayo tovuti haiwezi kukupa, nayo ni kuiona kabini kwa miguu yako.

Ramani ya meli kwenye skrini inaonyesha visanduku vya rangi. Haikuambii kwamba kabini ile nzuri ya sitaha ya juu iko chini ya bwawa, na kwamba saa kumi na moja alfajiri vijana wa usafi huburuta viti vya kuotea jua kimoja kimoja, na kila kimoja unakisikia juu ya kichwa chako kama mtu anayehamisha kabati. Haikuambii mlango wa wafanyakazi uko mkabala na mlango wako. Haikuambii kwamba roshani ile ina nguzo ya kiboti cha kuokolea maisha mbele yake. Nilikaa wiki nzima kwenye kabini ya viti vile, nikawa natoka alfajiri na kutembea korido za sitaha nyingine. Kwa kutembea huko nikaipata niliyoitaka: katikati ya meli, kabini juu yake na kabini chini yake, hatua kama ishirini kutoka kwenye ngazi. Nikasimama pale nikiwa kimya dakika kumi. Nikaandika namba ya mlango mkononi. Namba hiyo ndiyo niliyompa mhudumu mara ya tatu.

Kama unasumbuliwa na kichefuchefu, matembezi haya yana thamani zaidi. Meli ikipigwa na mawimbi ya mbele hunyanyuka omo (mbele) na kushuka tezi (nyuma), kama ubao wa kubembea wa watoto. Katikati husogea kidogo, na kadiri unavyoshuka sitaha za chini ndivyo mtikisiko unavyopungua. Siku bahari imechafuka, nenda ukasimame sehemu zote tatu. Mwili wako utakuchagulia kabini bila ushauri wa mtu.

Jambo hili lina maana tu kama safari ijayo ni kwenye meli ileile au dada yake. Meli za familia moja hujengwa kwa mchoro mmoja, na kabini ya namba fulani mara nyingi iko mahali palepale kwenye zote. Kama unataka kampuni nyingine kabisa, dawati hili halina msaada kwako. Linauza mali ya kampuni hii, na ya makampuni dada mara nyingine, basi.

Nyumbani kuna nini

Kuna watu wengine, kwanza. Safari ya meli si uamuzi wa mtu mmoja: kuna likizo ya mwenzako, mitihani ya watoto, mzazi anayehitaji uangalizi, pasi za kusafiria ambazo nchi nyingi hutaka ziwe na uhai wa miezi sita zaidi. Hayo yote hayapo kwenye simu yako ukiwa katikati ya bahari, au yapo lakini hutaki kuyafungua.

Kuna makampuni mengine. Nyumbani unaweza kuweka safari nne za kampuni nne kwenye meza moja, ukaongeza bakshishi, kodi za bandari, vinywaji, intaneti na ndege ya kufika bandarini, ukaona ipi ni rahisi kweli. Nauli peke yake hudanganya. Kampuni moja inaweka bakshishi ndani ya bei, nyingine inaidai kila siku kwa kila mtu, hata mtoto.

Kuna msimu pia. Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo makampuni ya meli hushindana kwa ofa, na wanaouza safari hizi huiita msimu wa wimbi. Mwishoni mwa Novemba huja ofa nyingine. Mara nyingi hazipunguzi nauli sana. Zinaongeza vitu, kama kifurushi cha vinywaji, salio, au arubuni ndogo inayofanana na ile ya melini. Kama umeshuka Desemba, kusubiri wiki tatu hakukugharimu kitu.

Na kuna wakala wa safari. Wakala mzuri hulipwa kamisheni na kampuni ya meli, naye huweza kukurudishia sehemu yake kama salio. Wakala mkubwa pia huwa ameshika kabini za kikundi kwa bei ya siku za mwanzo, na kabini hizo hazionekani dawatini wala kwenye tovuti. Mambo yakiharibika, yeye ndiye anayekaa kwenye simu saa mbili, si wewe.

Njia ya tatu

Wengi hawajui kwamba hizi mbili zinaoana. Makampuni mengi hukuruhusu ubuku melini, uchukue zawadi za melini, halafu uihamishie safari hiyo kwa wakala wako ukishafika nyumbani. Kuna muda maalumu wa kufanya hivyo, kwa kawaida ni wiki chache, na ukipita mlango umefungwa. Ukimtaja wakala wako palepale dawatini, mhudumu anaweza kumwandika tangu mwanzo. Zawadi ya kampuni inabaki, na ya wakala inaongezeka juu yake kama amekubali.

Jua tu kwamba ukishahamisha, safari iko mikononi mwa wakala. Ukiipigia kampuni simu kutaka kubadilisha kabini, watakuelekeza kwake. Kama wakala wako hapokei simu jioni, utalihisi hilo.

Hesabu ndogo

Tuchukue mfano wa watu wawili na kabini ya dola 3,000. Melini wanapewa salio la dola 150 kwa arubuni ya dola 200. Nyumbani wakala anawapa salio la dola 100 kwa arubuni ya dola 500. Tofauti ya zawadi ni dola 50, na dola 300 nyingine zinakaa benki yao miezi kadhaa zaidi.

Kama arubuni ya melini inarudi, hizo dola 50 ni za bure: wakibadili nia wanarudishiwa dola 200 zao na hakuna aliyeumia. Kama hairudi, wameuza uhuru wa kubadili nia kwa dola 50, na bei ya kuununua tena ni dola 200. Mimi biashara hiyo siifanyi tena.

Sasa Januari nauli inashuka dola 300. Kwa masharti ya kawaida ya Marekani, aliyebuku mapema anaweza kuomba bei mpya kabla ya siku ya malipo ya mwisho, kwa hiyo anapata punguzo na zawadi zake za melini huenda zikabaki. Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya mara nyingi haiko hivyo: bei uliyosaini ndiyo utakayolipa, labda ughairi na kuanza upya. Masharti hufuata nchi unayoishi kuliko bahari uliyomo, basi uliza, "Mimi mkazi wa nchi fulani, bei ikishuka inakuwaje?" Jibu la swali hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Pesa yako inalala wapi

Januari 2022 meli ya Crystal Symphony ilikuwa njiani kurudi Miami na abiria wake. Mahakama ya Marekani ilikuwa imetoa hati ya kuikamata kwa deni la mafuta, na meli ikageukia Bimini, Bahamas, abiria wakapelekwa Florida kwa feri. Kampuni mama, Genting Hong Kong, ilikuwa imeomba kufilisiwa. Waliokuwa wameweka pesa kwa safari za mbele wakawa wadai kwenye foleni ndefu. Miaka miwili kabla yake, Machi 2020, makampuni makubwa ya meli za kitalii yalikuwa yamesimamisha safari kwa sababu ya Kovidi, na miezi michache baadaye Carnival Fantasy, meli iliyokuwa na wapenzi wake waliorudi mwaka hadi mwaka, ilikuwa imepandishwa ufukweni Aliağa, Uturuki, ikikatwa kuwa vyuma chakavu.

Sisemi haya kutisha. Nayasema kwa sababu arubuni ni mkopo unaoipa kampuni bila riba, na miaka miwili ni muda mrefu. Hapo arubuni ndogo ya melini ina faida ya wazi: dola 100 zilizokwama zinauma kidogo kuliko 500. Lipa kwa kadi ya benki, na epuka kutumia salio la taslimu lililobaki kwenye akaunti yako ya melini. Mkazi wa Uingereza anayelipa kwa kadi ya mkopo ana kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya 1974, kinachomwajibisha mtoa kadi kwa ununuzi wa zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Kwa safari zinazoanzia bandari za Marekani, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Majini ya 2022 inampa abiria haki ya kurejeshewa pesa kama safari imefutwa au imechelewa siku tatu au zaidi.

Bima nayo ina saa yake. Bima nyingi za safari zinazouzwa Marekani hukubali kufidia ugonjwa uliokuwa nao tangu zamani endapo tu umeinunua ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipolipa arubuni ya kwanza. Ukibuku melini siku ya tatu ya safari ya wiki mbili, saa imeanza kwenda siku hiyo, na wewe bado unaogelea.

Nani achague nini

Buku melini kama unaipenda kampuni hii, arubuni inarudi, na unachotaka ni kile kinachoisha mapema: kabini ya watu wanne, kabini ya kiti cha magurudumu, vyumba vikubwa vya tezi, wiki za likizo za shule. Kabini za watu wanne zina shida ambayo haionekani. Kila eneo la boti za kuokolea lina idadi yake ya watu, na likijaa, mfumo hukataa mtu wa tatu au wa nne hata kama kitanda kipo. Familia zisisubiri ofa.

Kama unaipenda kampuni lakini hujui mwaka kesho utakuwaje, chukua hati ya wazi isiyo na tarehe, kwa sharti lile lile la kurudi. Hii ndiyo ninayowashauri wengi. Unachukua haki ya zawadi, unaacha kalenda nyumbani inakostahili.

Kama hii ilikuwa safari yako ya kwanza na bado hujajua unapenda nini, subiri. Hujaonja meli ndogo, hujaonja safari ya mtoni, hujui kama ulifurahia meli au ulifurahia kutokuwa kazini. Na kama arubuni hairudi, subiri, hata zawadi iwe kubwa kiasi gani, labda tarehe yako imeshafungwa na kitu kisichohama, kama harusi.

Ukiamua kwenda dawatini, nenda siku ya pili au ya tatu, jioni watu wakiwa kwenye chakula. Mhudumu ana nafasi, atakujibu maswali yote, na utapata siku kadhaa za kurudi kusema umebadili mawazo kabla hujashuka. Siku ya mwisho ya baharini foleni huwa ndefu na dawati hufungwa mapema. Usiinuke kwenye kiti kabla barua pepe ya uthibitisho haijaingia kwenye simu yako. Ifungue hapohapo na uisome hadi ukurasa wa pili, mhudumu akiwa bado mbele yako.